Jet Harris, mpiga besi aliyetoka nyuma akasimama mbele

Wiki chache zilizopita, katika kipindi chetu cha nyimbo za zamani, tulipiga wimbo mmoja wa Uingereza ambao hauna mwimbaji hata mmoja. Ni gitaa na dramu, na matarumbeta kidogo nyuma yake. Kabla hatujatangaza jina lake simu zilianza kuingia. Mzee mmoja alitaka kujua kama mitambo yetu imeharibika sauti ya mwimbaji ikapotea. Mama mmoja akasema anaufahamu mdundo ule tangu utoto wake, ila hajawahi kujua ni wa nani. Tuliwajibu hewani kwa ufupi kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa inasubiri. Hapa tuna nafasi zaidi, kwa hiyo tukae tusimuliane.

Wimbo ule unaitwa Diamonds, yaani almasi. Waliourekodi ni wawili: Jet Harris kwenye gitaa na Tony Meehan kwenye dramu. Februari 1963 ulikuwa namba moja Uingereza kwa wiki tatu. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, ushirikiano wa watu hawa wawili ulikuwa umevunjika kwa ajali ya barabarani. Haukufika hata mwaka. Leo tutamfuata zaidi huyu Harris, maana maisha yake ndiyo yaliyopanda sana na kushuka sana.

Jina lake la kuzaliwa ni Terence Harris. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1939, kaskazini magharibi mwa jiji la London, miezi miwili kabla Vita ya Pili ya Dunia haijaanza. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Jina la Jet alilipata shuleni kwa sababu ya mbio. Wenzake walimfananisha na ndege ya jeti, ambayo enzi hizo ilikuwa kitu kipya kabisa. Nasi shuleni tulikuwa nao, yule mtoto mmoja ambaye siku ya michezo hakuna anayemkaribia, na jina analopewa siku hiyo anazeeka nalo. Harris alikwenda nalo hadi kaburini.

Muziki aliuanza kwa klarineti. Alipokuwa kijana akapenda jazi, na katika jazi akapenda besi lile kubwa la kusimama, linalomzidi mtu kimo. Hakuwa na fedha ya kulinunua, akalitengeneza lake mwenyewe kwa mikono yake, lenye nyuzi nne, akaanza kupigia kwenye vilabu. Baadaye akapata lililotengenezwa na fundi.

Hapa tusimame kidogo kwa wale wasiopiga vyombo. Katika bendi ya dansi tunayoijua sisi kuna gitaa la solo, lile linalolia juu na kutajwa jina la mpigaji wake. Kuna rizimu, linaloshika mwendo. Na kuna besi, lenye nyuzi nene, linalotoa sauti nzito ya chini. Besi mtu halisikii sana kwa masikio, analisikia kifuani. Likikosekana, hata asiyejua muziki anaona kuna kitu hakipo. Lakini ni wapiga besi wangapi unaowajua kwa majina? Wengi wao husimama karibu na dramu, nyuma, wakatikisa kichwa, wimbo ukaisha, sifa zikaenda mbele. Harris ni mmoja wa wachache waliotoka huko nyuma.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 19, alikuwa katika bendi ya mpiga dramu Tony Crombie. Crombie alimpatia kitu ambacho Waingereza wengi walikuwa bado hawajakiona: besi la umeme, dogo la kuvaa begani kama gitaa, la kiwanda cha Framus cha Ujerumani. Kwa hiyo Harris akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kabisa kupiga besi la umeme. Faida yake iko wazi. Lile la kusimama halisogei na sauti yake humezwa na dramu. Hili la umeme unalivaa, unatembea nalo, unaligeuza upande wowote, na spika inafanya kazi iliyobaki.

Mwaka huohuo akaingia katika kikundi kilichokuwa kikimpigia kijana mwimbaji Cliff Richard, aliyekuwa anaanza kupendwa sana. Kikundi kiliitwa The Drifters. Ndani yake walikuwemo vijana wawili waliotoka Newcastle: Hank Marvin aliyepiga solo huku amevaa miwani yake mikubwa, na Bruce Welch aliyepiga rizimu. Mwanzoni mwa 1959 akaja mpiga dramu, Tony Meehan, mzaliwa wa Hampstead, London. Meehan alikuwa bado hajafikisha miaka 16. Alianza kupiga dramu akiwa na miaka 10, na kufikia 13 alikuwa tayari anapiga kwenye kumbi za dansi. Hawa ndio waliorekodi na Cliff wimbo Living Doll, uliokuwa namba moja 1959.

Shida ilikuwa jina. Marekani tayari kulikuwa na kikundi maarufu cha waimbaji weusi kilichoitwa The Drifters, na wenyewe hawakukubali kuchangia. Mwezi Julai 1959, Harris na Marvin walikwenda kupumzika kwenye baa moja huko Ruislip, nje kidogo ya London. Hapo mezani jina jipya likazaliwa: The Shadows, yaani vivuli. Aliyelitoa ni Harris. Kwa kikundi kinachosimama nyuma ya mwimbaji anayemulikwa na taa, ni jina lililowakaa sawasawa.

Mwaka 1960 vivuli vikajitokeza vyenyewe. Mtunzi Jerry Lordan aliwapa wimbo usio na maneno, Apache. Waliurekodi, ukapanda namba moja, ukakaa huko wiki tano. Huenda msomaji wetu unaujua bila kulijua jina. Nyimbo za ala tupu za aina hii zilisafiri haraka kuliko za kuimbwa, kwa sababu mtu wa lugha yoyote anazipokea moja kwa moja. Sisi watu wa redio tunazipenda kwa sababu nyingine: unaweza kuzungumza juu yake. Zinafungua vipindi, zinajaza sekunde 40 kabla ya habari, zinamfunika mtangazaji aliyepoteza karatasi yake. Tunasema kwa uzoefu.

The Shadows walikuwa na namna yao jukwaani. Wapiga magitaa walipiga hatua kwa pamoja, mbele, nyuma, pembeni, kama tunavyoona safu ya mbele ya bendi zetu ikifanya wakati wa chombeza. Harris alikuwa amepaka nywele zake rangi ya dhahabu, uso umekaza, hatabasamu. Wasichana walimpigia kelele yeye. Kwa mpiga besi hilo halikuwa jambo la kawaida. Mikononi alikuwa na besi la Fender kutoka Marekani, mojawapo la kwanza kufika Uingereza. Lile la Framus lilikuwa limevunjika shingo, na waagizaji wakampa hili. Katika santuri yao ndefu ya 1961 kuna wimbo Nivram, ambalo ni jina la Marvin limesomwa kinyumenyume, na ndani yake Harris anaachiwa nafasi apige besi peke yake, wenzake wakimpisha. Vijana wengi wa Uingereza walionunua besi lao la kwanza miaka ile walikuwa wanamfuata yeye.

Lakini ndani mambo yalikuwa yanaoza. Harris alikuwa mtu wa hofu. Jukwaa lilimtisha, na dawa aliyoiona karibu ilikuwa chupa. Alioa mapema na ndoa ikavunjika, akazidi kunywa. Safari za usiku kwa basi, onyesho la leo, onyesho la kesho, hakuna pa kupumzikia. Meehan aliondoka kwanza, Oktoba 1961, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya kurekodi ya Decca kama mtayarishaji wa muziki. Alikuwa na miaka 18 tu. Hii ndiyo kampuni ambayo mwanzoni mwa 1962 iliwasikiliza vijana wanne kutoka Liverpool walioitwa The Beatles, ikawarudisha nyumbani. Harris naye aliachana na The Shadows Aprili 1962, baada ya mabishano na wenzake.

Watu wengi walidhani amekwisha. Mpiga besi bila bendi ni nani? Yeye akaenda hukohuko Decca, akashika chombo kingine cha Fender, cha nyuzi sita kama gitaa la kawaida lakini zimeshushwa sauti hadi kufikia ile ya besi. Kwa chombo hicho ile sauti ya nyuma aliileta mbele, ikawa ndiyo inayoimba. Alirekodi Besame Mucho, wimbo wa mapenzi wa Meksiko ambao wazee wetu wanaujua, na baadaye muziki wa filamu The Man with the Golden Arm. Zote mbili ziliingia kwenye chati. Hizi nyimbo ukizisikiliza usiku, redio ikiwa karibu na mto, zina kitu cha kutisha kidogo. Gitaa linanguruma, halilii.

Ndipo akarudiana na Meehan. Mmoja mwenye gitaa zito, mwingine dramu, na Jerry Lordan, yuleyule wa Apache, akawatungia Diamonds. Hebu sikiliza ulivyopangwa. Gitaa linaanza chini, linatembea polepole kama mtu anayejua anakokwenda. Matarumbeta yanaitikia. Katikati kila kitu kinatulia na dramu zinaachiwa uwanja, Meehan anapiga peke yake, kisha wote wanarudi pamoja. Kwa wapiga vyombo wawili ambao kawaida hukaa nyuma, ni wimbo uliowekwa juu chini: besi ndiyo mwimbaji, dramu ndiyo kiitikio. Kwenye gitaa la kusindikiza alikuwepo kijana ambaye hajafika miaka 20, aliyekuwa anaanza kazi za studio. Jina lake Jimmy Page.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwishoni mwa Januari 1963, namba moja Uingereza ilikuwa Dance On! ya The Shadows. Wiki iliyofuata ilishushwa, na wimbo ulioishusha ulikuwa Diamonds. Wale wawili waliotoka kwenye bendi waliikuta bendi yao kileleni na kuiondoa hapo. Hatutaki kutia chumvi. Kina Marvin na Welch waliendelea vizuri tu baada ya hapo, na kwa miaka mingi. Lakini kwa wiki zile tatu, mtu aliyeambiwa hafai alikuwa juu ya waliobaki.

Umaarufu ulidai safari, na safari ilidai kikundi cha kuwasindikiza. Kwa kuwa Harris sasa alipiga gitaa la mbele, walihitaji mtu wa besi. Wakamchukua kijana wa miaka 17, John Paul Jones. Baada ya hapo Meehan alimfungulia mlango wa kazi za studio. Mwaka 1968 Jones na yuleyule Jimmy Page waliunda pamoja na wenzao wawili kikundi cha Led Zeppelin, mojawapo ya vikundi vikubwa kabisa vya roki duniani. Kwa hiyo nyumba ya Harris na Meehan, ingawa ilikaa miezi michache, ilipitiwa na wapangaji wakubwa.

Wimbo wa pili, Scarlett O'Hara, nao wa Lordan, ulifika namba mbili. Wa tatu, Applejack, ulifika namba nne. Nyimbo tatu, zote ndani ya tano bora, katika mwaka mmoja. Huku nyuma Harris alikuwa anakunywa vilevile. Alikuwa amependana na mwimbaji kijana Billie Davis, ambaye naye alikuwa na wimbo kwenye chati mwaka huo.

Septemba 1963 walikuwa wanarudi kutoka kwenye onyesho, Harris na Davis, ndani ya gari lenye dereva wao. Gari liligongana na basi. Davis alivunjika taya. Harris aliumia kichwani. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu hatuhitaji kuelezwa zaidi picha yake. Kila mwaka tunatangaza matangazo ya vifo yaliyoanza hivyohivyo: usiku, watu wamechoka, wanataka tu kufika nyumbani.

Wao hawakufa. Lakini Harris aliyetoka kwenye ajali ile hakuwa yule aliyeingia. Majeraha ya kichwa ni kitu cha ajabu, mtu anatembea, anaongea, mkono uko sawa, na bado kuna kitu hakirudi. Hofu ya jukwaa ikaongezeka, na pombe ikaongezeka juu yake. Ushirikiano na Meehan ukafa. Meehan alijaribu kuendelea na kikundi chake kwa muda, kisha akarudi kwenye kazi za studio, upande wa pili wa kioo.

Wakati nao haukuwasubiri. Mwaka uleule wa 1963 The Beatles, wale waliorudishwa na Decca, walilipuka. Kuanzia hapo vijana walitaka vikundi vinavyoimba, watu wanne wenye sura zao na maneno yao. Muziki wa ala tupu ulibaki kuwa muziki wa jana. Tunafikiri hata bila ajali wale wawili wangepata shida. Pengine wangedumu miaka miwili zaidi, pengine Harris angejifunza kuimba vizuri. Lakini mtu mzima angekuwa na nafasi ya kujaribu, na yeye hakuwa mzima.

Alijaribu kurudi, 1966 na baadaye tena, haikushika. Kilichofuata ni orodha ya kazi ambazo mtu asingezitegemea kwa aliyewahi kuwa namba moja. Alikuwa kibarua wa ujenzi. Alikuwa mbeba wagonjwa hospitalini. Alikuwa kondakta wa basi. Alikuwa anauza chaza ufukweni katika kisiwa cha Jersey. Fikiria abiria anapokea tiketi kutoka kwenye mkono uliopiga Apache, hajui, anauliza tu chenji yake. Hatusemi kazi hizi ni aibu. Wasikilizaji wetu wengi wanaishi kwa kazi kama hizi na wanasomesha watoto. Ila yeye hakuzifikia kwa kuchagua. Mwaka 1988 mahakama ilimtangaza mufilisi.

Kuacha pombe kulimchukua takribani miaka 30. Tunaomba msomaji uisome tena namba hiyo. Katika jamii zetu mlevi hupewa miezi michache, ndugu wakimsihi, wakimpeleka kwa huyu na yule, halafu husemwa hana tiba na huachwa. Harris alianguka mara nyingi mno, na bado siku moja aliacha, akaacha kweli. Alipopata utulivu alirudi kwenye chombo chake. Akaanza kupiga tena kwenye kumbi ndogo, mbele ya watu waliokuwa vijana pamoja naye, mvi kwa mvi.

Na wakamkumbuka. Mwaka 1998 kampuni ya Fender ilimpa tuzo ya maisha kwa kulifanya besi la umeme lipendwe Uingereza. Mwaka 2010 alipewa nishani ya MBE ya Malkia kwa mchango wake katika muziki. Kondakta yule wa basi.

Meehan hakuwepo kuishuhudia. Yeye baadaye aliuacha muziki, akasomea saikolojia na kuifanya kazi. Novemba 2005 alianguka kwenye ngazi za jengo alilokuwa akiishi London, akaumia kichwa, na tarehe 28 akafariki, akiwa na miaka 62. Wote wawili, kwa nyakati tofauti, pigo lilikuwa kichwani. Hatujui tulifanye nini jambo hilo, tumelitaja tu kwa sababu halitutoki akilini.

Harris aliambiwa ana saratani ya koo. Aliendelea kupanda jukwaani wakati wa matibabu, na mwezi mmoja hivi kabla ya mwisho alikuwa bado anapiga mbele ya watu. Alifariki tarehe 18 Machi 2011 huko Winchester, kusini mwa Uingereza, akiwa na miaka 71.

Mzee uliyepiga simu kuuliza kama mitambo yetu ni mizima, ni mizima. Jumamosi hii usiku tutaupiga tena Diamonds, mara mbili mfululizo, kwa sababu ni mfupi. Mara ya kwanza fuata lile gitaa zito tangu linapoanza. Mara ya pili liache, subiri katikati, dramu zikibaki peke yake. Na kama una kijana nyumbani anayejifunza besi, muamshe asikilize naye.